Gesi ya Radoni Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nakuru, Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Radoni ni kitu gani?

Radoni ni gesi ya asili inayotoka ardhini. Karibu kila udongo na kila mwamba una kiasi kidogo cha urani, na urani hiyo, kwa muda mrefu mno, hujigeuza hatua kwa hatua hadi kuwa radiamu, kisha radiamu ikazaa radoni. Urani na radiamu ni metali, kwa hiyo hubaki pale pale zilipo; radoni, kwa kuwa ni gesi, hupenya katika nafasi zilizo kati ya chembe za udongo na katika nyufa za mwamba mpaka ifike juu. Haina rangi, haina harufu, haina ladha, wala haiwashi macho au koo.

Ikitokea nje, upepo huitawanya. Hewa ya nje kwa kawaida huwa na bekereli 5 hadi 15 katika kila mita ya ujazo. Ikitokea chini ya nyumba iliyofungwa, hukosa pa kwenda na kuanza kujikusanya. Bekereli moja maana yake ni atomu moja inayovunjika kila sekunde. Chumba cha kulala cha mita 3 kwa 3, chenye dari ya urefu wa mita 2.7, kikiwa na bekereli 100 kwa mita ya ujazo, kina atomu za radoni zipatazo 2,400 zinazovunjika humo kila sekunde huku wewe umelala.

Nikipanda Menengai, volkano iliyo kando ya Nakuru, nasikia harufu ya mayai viza. Je, hiyo ndiyo radoni?

Hapana. Harufu hiyo ni ya gesi ya salfa inayotoka pamoja na mvuke wa ardhini. Radoni ingeweza kukujaza nyumba nzima na pua yako isijue lolote.

Basi ni ile hewa ya jiko la makaa inayoua watu usiku?

Si hiyo pia, na ni muhimu mambo haya mawili yasichanganywe. Hewa ya makaa ni kaboni monoksaidi; inatokana na moto, na inaweza kumaliza familia kwa usiku mmoja. Radoni haitokani na moto wowote, na madhara yake huchukua miaka mingi kujitokeza. Kifaa cha kupima radoni hakitakuonya kuhusu jiko, na kengele ya kaboni monoksaidi haitakuambia lolote kuhusu radoni. Kama katika nyumba yako bado kuna anayeingiza jiko la makaa chumbani usiku wa Julai kwa sababu ya baridi ya Nakuru, weka ukurasa huu kando, utoe jiko nje kwanza, kisha urudi tuendelee.

Inadhuru mwili kwa njia gani?

Radoni yenyewe, ukiivuta, nyingi hutoka tena unapopumua. Tatizo ni watoto wake. Radoni hupungua kwa nusu kila baada ya siku 3.8, na kila atomu inayovunjika huacha atomu ya poloniamu, risasi au bismuthi, ambazo si gesi bali ni vijichembe vinavyonata kwenye vumbi la hewani. Vumbi hilo likivutwa hutulia katika utando wa mapafu, na humo poloniamu hutoa chembe za alfa, ambazo ni aina ya mionzi. Chembe ya alfa ni dhaifu kwa kupenya. Karatasi huizuia, hata ngozi ya mkono huizuia. Lakini ndani ya mapafu hakuna ngozi ya nje ya kuikinga seli, na nguvu zote humwagwa katika eneo dogo sana. Seli iliyojeruhiwa ikijirekebisha vibaya, saratani inaweza kuanzia hapo.

Jambo hili lilionekana kwanza migodini. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani waliueleza ugonjwa wa mapafu uliokuwa ukiwaua wachimbaji wa Schneeberg kuwa ni saratani, ingawa radoni ilikuwa haijagunduliwa bado. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliiweka radoni katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu mwaka 1988. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa radoni husababisha kati ya asilimia 3 na 14 ya saratani zote za mapafu, kutegemea nchi na wingi wa wavutaji wa sigara.

Hatari hiyo ni kubwa kiasi gani kwa mtu wa kawaida?

Hapa ndipo watu wengi hupotoshwa, wengine kwa kutiwa hofu na wengine kwa kubembelezwa. Uchambuzi mkubwa uliounganisha tafiti 13 za Ulaya, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kuwa hatari ya saratani ya mapafu huongezeka kwa takriban asilimia 16 kwa kila nyongeza ya bekereli 100 katika wastani wa miaka mingi. Asilimia hizo hazina maana mpaka ujue ni asilimia ya nini. Kwa watu 1,000 ambao hawajawahi kuvuta sigara, wanaopata saratani ya mapafu kabla ya kutimiza miaka 75 ni wapatao 4 ikiwa hakuna radoni kabisa, 5 ikiwa kiwango ni bekereli 100, na 7 ikiwa ni bekereli 400. Kwa wavutaji 1,000, hesabu ni kama 100, 120 na 160.

Soma nambari hizo mara mbili. Mvutaji aliye katika nyumba safi kabisa yuko hatarini zaidi kuliko asiyevuta aliye katika nyumba yenye radoni nyingi, na mvutaji aliye katika nyumba yenye radoni nyingi ndiye aliye pabaya zaidi. Mtu akiniuliza aanze na kipi, na bado anavuta pakiti moja kwa siku, humwambia aanze na pakiti.

Kwa nini tuzungumzie Nakuru na magharibi mwa Kenya?

Kwa sababu ya mawe yaliyo chini yetu. Nakuru iko ndani ya Bonde la Ufa, juu ya miamba ya volkano na majivu yake, katika ardhi iliyokatwakatwa na nyufa. Mwamba wenye nyufa ni njia ya gesi. Wataalamu wa nishati ya mvuke wanalijua hilo vizuri, kwa maana wanapotafuta mahali pa kuchimba visima, kama walivyofanya Olkaria na Menengai, mojawapo ya vipimo vyao ni radoni iliyo katika udongo: palipo na radoni nyingi, huenda pana ufa unaopitisha vitu kutoka chini. Wao hukifurahia kipimo kikubwa. Mwenye nyumba hana sababu ya kukifurahia.

Ukielekea magharibi mambo hubadilika. Maragoli, Bunyore na viunga vya Kisumu vina graniti, ile unayoiona imerundikana kama nyumba Kitmikayi, na graniti kwa kawaida ina urani zaidi ya miamba mingine mingi. Homa Bay, katika Mlima Homa na vilima vya Ruri, kuna mwamba adimu uitwao kabonataiti, ambao una thoriamu, na maeneo yanayouzunguka yanajulikana kwa mionzi ya asili iliyo juu ya kawaida. Thoriamu huzaa ndugu ya radoni aitwaye thoroni, ambaye hupungua kwa nusu kila sekunde 56 hivi. Kwa kuwa maisha yake ni mafupi namna hiyo, hawezi kusafiri mbali kutoka ukutani au sakafuni alikotokea. Jambo hili litarudi tutakapofika kwenye nyumba za udongo.

Hata hivyo, ramani ya mawe haikuambii kiwango cha nyumba yako. Nyumba mbili zinazotenganishwa na ua wa michongoma zinaweza kutofautiana mara kumi, kwa sababu moja imejengwa juu ya ufa na nyingine juu ya udongo mzito wa mfinyanzi, au kwa sababu moja ina sakafu yenye nyufa na nyingine haina.

Baba mkwe wangu anasema nyumba aliyoijenga mwaka 1978 haijamwua mtu yeyote. Nimjibuje?

Mjibu kwa heshima, kwa sababu mzee ana hoja. Nyumba za wakati ule zilipumua. Mabati yaliachwa wazi kwenye ukingo wa paa, milango haikufika chini sawasawa, na juu ya kila dirisha palikuwa na matundu ya hewa yenye wavu. Hewa iliingia na kutoka usiku kucha, na gesi yoyote iliyopanda kutoka sakafuni iliondoka nayo.

Kisha muulize nyumba hiyo imefanyiwa nini tangu hapo. Mara nyingi utasikia kuwa watoto waliweka dari ya jipsamu, madirisha ya chuma yakabadilishwa kuwa ya alumini yanayofunga sawasawa, na yale matundu ya juu yakazibwa kwa magazeti na gundi kwa sababu ya mbu na vumbi la Januari. Mimi mwenyewe nimeyaona matundu yaliyopakwa plasta na rangi hadi hayatambulikani, na mwenye nyumba akaniambia kwa fahari kwamba sasa nyumba haina baridi. Nyumba ya mwaka 1978 haipo tena hapo. Iliyopo ni nyingine, juu ya msingi ule ule.

Nyumba yetu ya kijijini ni ya udongo, imekandikwa na sakafu imesiribwa kwa samadi. Iko salama?

Kwa kawaida nyumba hizo hupitisha hewa vizuri, hasa zile zenye uwazi kati ya ukuta na paa. Upande wa pili ni kwamba hakuna zege wala nailoni kati yako na ardhi, na kuta zenyewe ni udongo unaoweza kutoa radoni na thoroni. Kwa hiyo jibu halitoki kwenye sura ya nyumba. Hutoka kwenye kipimo. Ukipima nyumba ya namna hii, usikitundike kifaa ukutani wala kukigusisha na ukuta, kwa sababu thoroni iliyoko sentimita chache kutoka ukutani inaweza kuvuruga matokeo ya baadhi ya vifaa, nawe ukaamini kuwa chumba kizima kiko hivyo.

Nitapimaje?

Kuna njia tatu ambazo mwananchi anaweza kuzifikia.

Ya kwanza ni kikopo cha mkaa maalumu unaofyonza radoni. Huachwa wazi kwa siku 2 hadi 7, hufungwa, kisha hupelekwa maabara mara moja, maana radoni iliyofyonzwa huendelea kupungua njiani. Kwa nyumba ya Kisii au Kakamega ambayo maabara yake iko ng'ambo, njia hii ina udhaifu ulio wazi: kifurushi kikilala wiki mbili posta, karibu kila kilichokuwa humo kimeisha.

Ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendelea, ni kijikopo cha plastiki cheusi kinachotosha katika kiganja, chenye kipande kidogo cha plastiki maalumu ndani yake. Kila chembe ya alfa inayokigonga kipande hicho huacha alama isiyoonekana kwa macho. Baada ya miezi 3 hadi mwaka mmoja, maabara hukilowesha katika kemikali ili alama zipanuke, kisha huzihesabu kwa hadubini. Hakihitaji umeme, na alama hazifutiki kifurushi kikichelewa. Kabla ya kukinunua, hakikisha unajua ni maabara gani itakayokisoma, kwa maana bila maabara ni plastiki tu.

Ya tatu ni kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha nambari kwenye kioo. Ni kizuri kwa kuwa kinaweza kuhamishwa chumba hadi chumba na hata kuazimwa na majirani. Ubaya wake ni kwamba mtu hukaa akikitazama kama saa ya mpira. Nambari za siku ya kwanza zisikushughulishe. Tazama wastani wa wiki kadhaa, na ikiwezekana wa miezi.

Kwa ushauri nchini, mamlaka ya serikali inayosimamia masuala ya mionzi ni ile iitwayo KNRA kwa kifupi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya bodi ya zamani ya kinga dhidi ya mionzi. Chuo Kikuu cha Nairobi nacho kina taasisi ya sayansi na teknolojia ya nyuklia.

Nikiweke wapi, na kwa muda gani?

Kiweke katika chumba kinachokaliwa zaidi kwenye ghorofa ya chini kabisa yenye watu. Chumba cha kulala ndicho bora, kwa sababu humo mtu hukaa saa nane bila kutoka. Kiwe angalau nusu mita juu ya sakafu, mbali na dirisha, mbali na ukuta wa nje, pasipo jua la moja kwa moja, na kisiwe jikoni wala bafuni, ambako mvuke huharibu kipimo.

Muda mrefu ni bora kuliko mfupi. Maelekezo mengi ya vifaa yameandikwa kwa nchi za baridi, ambako watu hufunga nyumba miezi mitano na kuwasha joto. Sisi hatuna majira hayo, lakini tuna yetu. Masika yanapolowesha udongo wa uani, njia za gesi kwenda juu huzibwa na maji, na sehemu iliyobaki kavu ni ile iliyo chini ya nyumba. Gesi huelekea huko. Julai, Nakuru hufunga madirisha mapema. Kisumu, kwenye joto la Februari, madirisha hulala wazi nyuma ya nyavu za mbu. Kipimo cha siku tatu za Februari kitakupa nyumba ya Februari tu.

Na waambie wote mnaoishi nao kifaa hicho ni nini. Kijikopo changu cha kwanza nilikiweka juu ya kabati la runinga, kando ya kitambaa cha kufuma, nikakiandikia tarehe kwa kalamu ya wino. Wiki ya saba walikuja wageni wa mahari. Shangazi, akipanga sebule, alikiona kama kifuniko cha kitu kilichopotea, akakitia ndani ya droo pamoja na betri kuukuu na risiti za stima. Nilikipata baada ya mwezi. Ilibidi nianze upya, na safari hii nikaandika juu yake: «Usiguse, kinafanya kazi.»

Nimepata nambari. Ina maana gani?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2009, lilipendekeza nchi zilenge bekereli 100 kwa mita ya ujazo, na palipo na ugumu zisivuke 300. Kifaa kilichotengenezwa kwa soko la Marekani huenda kikaonyesha kipimo kiitwacho pikokyuri kwa lita. Zidisha kwa 37 upate bekereli. Kiwango cha 4 ambacho Wamarekani huanza kuchukua hatua ni sawa na bekereli 148.

Chini ya 100, endelea na maisha. Kati ya 100 na 300, fanya yale mepesi yasiyo na gharama kubwa na upime tena. Zaidi ya 300 katika kipimo cha muda mrefu, panga kurekebisha. Nambari zinazopatikana kwa kawaida hazikutaki uhame usiku huo. Nyumba iliyoishtua dunia, ya mhandisi Stanley Watras huko Pennsylvania mwaka 1984, ilikuwa na takriban bekereli 100,000. Iligunduliwa kwa sababu mhandisi huyo alikuwa akiwasha kengele za mionzi alipokuwa *akiingia* kazini kwenye kituo cha nyuklia. Nyumba hiyo ilirekebishwa, na familia ikarudi kuishi humo.

Kurekebisha kunafanywaje, na fundi wetu wa kawaida anaweza?

Anza na hewa. Fungua matundu yaliyozibwa na uyawekee wavu wa mbu mpya. Fungua madirisha ya pande mbili zinazokabiliana asubuhi na jioni. Hatua hii hushusha kiwango, ila hudumu kadiri madirisha yanavyokuwa wazi, na radoni hurudi saa chache baada ya kufunga.

Hatua ya pili ni kuziba: nyufa za sakafu, mwanya kati ya sakafu na ukuta, na hasa mahali mabomba ya maji na ya choo yanapopenya zege, ambapo mafundi huacha shimo la ngumi na kulifunika kwa taili. Kuziba peke yake mara chache hutosha, kwa kuwa gesi hutafuta ufa mwingine.

Ile inayofaa kwa kiwango kikubwa ni kuivuta gesi kabla haijaingia. Bomba la plastiki hupitishwa katika sakafu hadi kwenye mawe ya msingi ambayo mafundi huyaita hadikoo, kisha hupandishwa hadi juu ya paa, na feni ndogo huvuta hewa ya chini ya sakafu saa zote. Mfumo huu unaweza kupunguza radoni kwa nusu au hata kwa asilimia 99. Fundi bomba mzuri anaweza kuufunga. Anachohitaji kuelewa ni kwamba mdomo wa juu usitokee chini ya dirisha la jirani wala ndani ya dari.

Kama bado unajenga, una bahati. Tandaza nailoni nzito nyeusi juu ya hadikoo, viungo vyake vipandane na kubandikwa, wala wanaobeba zege wasiitoboe kwa toroli. Laza bomba moja katika mawe kabla ya kumwaga zege na ulifunike kwa kifuniko. Usipolihitaji, hasara ni ndogo.

Vipi maji ya kisima?

Maji ya visima virefu yanaweza kubeba radoni na kuiachia bafuni au jikoni. Makadirio yanayotumika ni kwamba bekereli 10,000 katika kiasi fulani cha maji huongeza kama bekereli 1 katika kiasi hicho cha hewa ya nyumba, kwa hiyo udongo ndio chanzo kikuu karibu kila mahali. Maji yakirushwa juu na kuanguka ndani ya tangi lenye tundu la hewa, sehemu kubwa ya gesi hutoka, na yakikaa siku nne inayobaki hupungua kwa nusu. Maji ya Ziwa Victoria yamekwisha kuipoteza gesi yake kwa upepo. Floraidi ya visima vya Nakuru, inayotia meno rangi ya kahawia, ni suala jingine, na haiondoki kwa kurusha maji.

Ninapanga ghorofa ya nne. Nipime?

Hakuna haraka. Gesi hutoka ardhini na hupungua unavyopanda. Apimaye kwanza awe mpangaji wa chini, na mlinzi anayelala stoo ya chini ya ardhi.

Nina kikohozi kisichokwisha. Huenda ni radoni?

Radoni haileti kikohozi, maumivu ya kichwa wala mzio, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoionyesha hospitalini. Kikohozi kisichokwisha kinahitaji kituo cha afya, na kwetu jambo la kwanza kuchunguzwa ni kifua kikuu.

Stima ikipotea, feni ikazimika, itakuwaje?

Kiwango kitapanda taratibu na kushuka tena stima ikirudi. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni wastani wa miaka, usiku mmoja wa giza haubadilishi kitu, fungua dirisha. Hatari ni feni iliyokufa miezi sita bila mtu kujua. Mafundi huliwekea bomba mrija mdogo wa kioevu chenye rangi, ambao pande zake mbili hupishana kimo feni ikivuta na kulingana ikizimika. Uwekwe mahali unapopita kila siku, kama vile karibu na mita ya stima, na upime tena nyumba nzima kila baada ya miaka miwili au ukishaongeza chumba.